Karugendo na Vitabu Vilivyobaki Nje ya Biblia

Wenzetu wa mikoa mingine wanatutania Wahaya kwa kutuita nshomile, yaani "nimesoma", na wakitutania hivyo mimi hukasirika. Kisha namkumbuka jirani yangu Evarist Karugendo, hasira inaniisha, nanyamaza.

Karugendo ni mtu wa Buganguzi, hapa hapa Muleba, mkulima wa migomba na kahawa kama sisi sote. Alifika kidato cha nne, akawa karani wa mizani kwenye chama chetu cha ushirika kwa miaka mingi, na nadhani kazi ile ndiyo iliyomharibu. Mtu akizoea kukaa nyuma ya mizani huku wenzake wamesimama na magunia yao wakimsubiri, huanza kuamini kwamba hata maneno yao yanamsubiri yeye ayapime. Hakuwa mwizi, hilo nalisema wazi. Ugonjwa wake ulikuwa kwamba hakuwahi kujua jambo akaridhika kulijua kimya kimya.

Alipostaafu, mwanawe Projest aliyeko Mwanza alimletea simu kubwa ya kupangusa. Wazee wengine wakipata simu ya namna hiyo huangalia mpira, na wengine huangalia mambo ambayo mimi mama mjane siwezi kuyataja. Karugendo alikutana na vitabu vilivyofichwa. Humo mtandaoni wapo watu ambao riziki yao ni kuwaambia wenzao kwamba wamefichwa kitu. Walimwambia kuwa Wakristo wa kale waliandika injili nyingine nyingi na nyaraka nyingine nyingi, zina majina ya mitume, na kwamba maaskofu wa zamani walikaa wakazitupa nje ya Biblia kwa sababu zao. Karugendo aliamini neno la kwanza hadi la mwisho. Mtu aliyekuwa haamini mizani ya mwenzake hata kwa kilo ya maharage!

Kama angesoma na kufurahi nyumbani kwake, nisingeandika habari hizi. Lakini alitaka kujenga ukumbi. Ukumbi wa kusomea vitabu vilivyotupwa, wenye viti vya plastiki na spika, na mahali alipopachagua ni kile kipande cha kahawa cha bondeni, kwenye njia ya kwenda kisimani. Angeng'oa mibuni yote. Na kipande kile, ndugu msomaji, kilikuwa na mtu wake.

Kiliachwa na baba yake Karugendo, Mzee Kahangwa, aliyefariki mwaka jana. Hakikuwa ardhi ya ukoo. Mzee alikinunua kwa fedha zake. Mzee huyo, enzi za ujana wake, alikuwa akipeleka kahawa mjini Bukoba na kuchelewa kurudi, na sababu ya kuchelewa ilikuwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akiishi mtaa wa Bilele. Wakazaa binti, Sumaiya. Sote tulimjua. Kila msimu wa kahawa Mzee alimleta, wakachuma wawili kwenye kipande kile, na sisi tukirudi kisimani tulisema tumepitia kwa Sumaiya. Mzee alipougua alikaa kwa binti huyo Bilele ili awe karibu na hospitali. Sumaiya ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemlisha. Na huko huko Bilele, mbele ya jirani mmoja, Mzee alimwambia kwamba kipande cha bondeni ni chake.

Kisha Mzee akaletwa Buganguzi, maana Mhaya hafii kwa watu ikiwa gari lipo. Alikuwa hoi. Ukoo ulikusanyika kusikia wosia, naye akamtaja Karugendo kuwa msika wake, yaani mrithi mkuu, basi, pumzi ikakata. Sumaiya hakutajwa. Karugendo akachukua kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, akachukua na bondeni.

Sasa nianze na siku alipotuharibia jumuiya.

Jumuiya yetu inaitwa Mtakatifu Ana na mimi ndiye mwenyekiti wake. Tunasali kwa kuzungukia nyumba, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata na kushirikishana. Siku hiyo tulikuwa kwa Mzee Rutaihwa, ambaye pia ndiye mkubwa wa ukoo wa kina Karugendo. Zamu ya kusoma ilikuwa ya Karugendo. Alisimama, akatoa simu badala ya Biblia, na hilo halikutushtua kwa sababu siku hizi hata mapadre wanasomea kwenye simu. Akasoma kwa ile sauti yake ya mizani. Mtoto Yesu alikuwa akicheza kando ya kijito siku ya Sabato, akafinyanga ndege wa udongo, wazee wakamlalamikia, naye akapiga makofi na ndege wale wakaruka.

"Injili ya Bwana," alimaliza Karugendo.

"Sifa kwako, ee Kristo," tukaitikia sote, kwa moyo.

Tukakaa kimya kutafakari. Mama mmoja akasema ameguswa sana na ndege, ila hakumbuki kuwahi kuisikia Injili hiyo kanisani. Ndipo Karugendo akatabasamu, na mimi nikajua tumeingizwa mkenge. Akatueleza kwamba ni andiko la kale lililotupwa, kwamba tumelisikia kwa masikio yetu na mioyo yetu imelitambua, na kwamba kuitikia kwetu ndiko ushahidi wenyewe kuwa ni neno la Mungu.

"Mwenyekiti," Mzee Rutaihwa akaniambia, uso umemwiva, "mimi nimeshasema 'Sifa kwako'. Sasa nairudishaje?"

 Katika semina zote nilizohudhuria za viongozi wa jumuiya, hakuna aliyetufundisha namna ya kurudisha kiitikio.

Karugendo alipoona tumebanwa, akaongeza. Akasoma mbele zaidi, mahali ambapo mtoto mwenzake Yesu anampiga kikumbo njiani, naye Yesu anamlaani, yule mtoto anaanguka na kufa. Na wazazi wakija kulalamika kwa Yosefu, wanapofuka macho. Kina mama wakaguna.

"Mawe, mama yangu!" akasema yule yule aliyeguswa na ndege. "Mtoto wa hivyo hapa Buganguzi angekuwa ameshachapwa na kijiji kizima."

"Ndiyo maana walikificha," alisema Karugendo. "Waliogopa ukweli."

"Waliona aibu mtoto wa watu kusingiziwa," nilimjibu, na nilikuwa nimekasirika kweli.

Hapo ndipo aliponipiga pigo ambalo mpaka leo linaniuma. Aliniuliza kwa upole jumuiya yetu inaitwaje. Nikasema Mtakatifu Ana, mama yake Bikira Maria. Akaniuliza jina hilo liko wapi katika Biblia, alitafute kwa nani, Mathayo au Luka. Nikaanza kupekua Luka. Akatwambia kwamba majina ya Yoakimu na Ana, tunaowaadhimisha kila Julai kwa ngoma na ndizi, yametoka katika andiko mojawapo la hayo hayo yaliyobaki nje. "Mmekitupa kitabu, mkabaki na jina lake mlangoni," alisema. Watu wakanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyebatiza jumuiya.

Nilikwenda kwa paroko. Nilitaraji atapandisha sauti, lakini yeye alicheka kwanza, kisha akaja mwenyewe wiki iliyofuata, tuliposali nyumbani kwangu. Nitasema kwa ufupi alivyotueleza, maana yana kazi huko mbele.

Alisema jambo la Yoakimu na Ana ni kweli, na hakuona haya kulisema. Alisema vitabu vile havijafichwa. Vimechapwa, vinauzwa, yeye mwenyewe alivisoma seminarini. Biblia zenyewe hazilingani: Walutheri hapo jirani wana vitabu pungufu kuliko sisi, Waethiopia wana zaidi. Lakini Wakristo wa kale, walipoletewa andiko na kuambiwa ni la mtume, waliuliza maswali ya kawaida ambayo hata mkulima anayauliza. Nani alisikia? Alikuwa karibu na mwenyewe, au aliandika watu wale wakiwa wameshazikwa, akaazima jina ili apate wasomaji? Makanisa yamekuwa yakilisoma tangu mwanzo, au limeibuka juzi mahali pamoja? Linapatana na yule Yesu tuliyempokea, au linatuletea mwingine anayeua watoto njiani?

"Lililoshindwa maswali hayo," alimaliza, "linaweza kusomwa kwa faida. Lakini haliwi Maandiko. Halimfungi mtu."

Mimi niliridhika. Karugendo alisimama na mkono kifuani.

"Padre, waitu," alisema kwa ile heshima yetu ya Kihaya, "hao waliokaa kikaoni ni binadamu. Aliyekuwa ndani ya kikao ndiye aliyesema nani aingie. Sasa sauti ya aliyebaki nje ya mlango, nani ataisikiliza? Atalia mpaka lini? Mimi, kwa dhamiri yangu, neno likiwa la zamani na lina jina la mwenyewe, silikatai. Nani kanipa mamlaka ya kulikataa?"

Akafuta jicho. Naapa alifuta jicho. Vijana wawili wa kwaya walipiga makofi, na paroko akatazama saa.

Baada ya ushindi huo hakushikika. Nyumbani alimsomea mkewe Elieth akimenya ndizi, alimsomea akichambua maharage, na maskini Elieth alianza kusema kwamba sasa anajua kwa nini wengine wanakimbilia kisimani hata maji yakiwa yamejaa ndani. Ikafika siku Karugendo akaamua kurasa zile zichapwe kwenye karatasi, kila familia ipate nakala. Kazi hiyo ni ya Bukoba mjini. Mimi nilikuwa nakwenda huko kupima macho, tukafuatana.

Tulipomaliza aliniambia tupitie Bilele kidogo, kwa Haidari, amnunulie Projest taa ya pikipiki aliyoiacha nyumbani. Haidari ana duka la vipuri, ni mzee wa mjini, mpole, mtu wa swala tano. Pembeni ya duka lake kuna kibanda cha chai na vitumbua, na mwenye kibanda ni Sumaiya. Na Haidari ndiye yule jirani niliyemtaja, aliyekuwepo Mzee Kahangwa alipotamka yale maneno.

Sumaiya alituona, akaacha vitumbua vyake kwenye moto, akaja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka Evarist. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Karugendo alijibu, macho kwenye simu. Mimi nilimkumbatia. Amefanana na Mzee kuliko hata huyo msika, pua ile ile.

Karugendo hakuja kuangalia pua. Hakukaa hata vizuri kwenye benchi, akaanza kumsimulia Haidari habari za mtoto Yesu na ndege wa udongo. Haidari alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa furaha.

"Mzee Evarist, hiyo kwetu si ngeni. Nabii Isa na ndege wa udongo, kwa idhini ya Mungu, tumefundishwa tangu madrasa."

Laiti ungemwona Karugendo! Alinigeukia kama aliyeokota dhahabu.

"Umesikia, Mama Jovitha? Shahidi huyo! Hajui Kilatini, hajui paroko wetu, hana cha kupata wala cha kupoteza. Haidari ni mtu mkweli. Mtu mkweli kabisa."

Haidari alijaribu kumweleza kwamba kwao habari hiyo ina maana yake na haihusiani na ugomvi wetu, lakini Karugendo hakuwa akisikia tena. Sumaiya alileta chai. Akasimama hapo na birika mkononi.

"Kaka, nimesikia unataka kung'oa kahawa ya bondeni."

"Ni mpango tu."

"Baba alinipa mimi. Mzee Haidari alikuwepo." Alisema taratibu, bila ugomvi. "Sina kingine cha baba, kaka. Sina hata picha."

"Tutazungumza," alisema Karugendo, akanywa chai yake akaondoka na karatasi zake chini ya kwapa. Njia nzima mpaka Muleba alizungumza habari za sauti zilizonyamazishwa. Nilijifanya nimelala.

Haikupita muda, watu wa kung'oa wakaonekana bondeni na majembe. Walianzia upande wa barabara. Elieth mwenyewe ndiye aliyempigia Sumaiya simu, jambo nililolijua baadaye, na Sumaiya akampigia Mzee Rutaihwa akilia. Rutaihwa ni mtu wa taratibu. Aliwasimamisha wale vibarua, akaita kikao cha ukoo nyumbani kwa Karugendo, na kama ilivyo desturi yetu akaita na majirani, kwa sababu ukoo ukikaa peke yake hujisikiliza wenyewe tu.

Sumaiya alikuja na Haidari. Alijifunga mtandio mweupe, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Kahawa za kutafuna zikapitishwa, kila mtu akachukua punje zake. Elieth alikuwa jikoni na wenzake wanapika, maana kikao chetu bila chakula ni ugomvi mtupu. Rutaihwa akampa Sumaiya nafasi. Alirudia yale yale aliyoyasema Bilele, akaongeza siku na saa aliyoambiwa, na hata upande aliokuwa amelalia baba yake. Haidari naye akathibitisha: alikuwepo, alisikia, Mzee akili zake zilikuwa timamu, na alimshika mkono akamwambia, "Haidari, ukumbuke."

Kisha akasimama Karugendo, mtetezi wa waliobaki nje.

"Mzee Rutaihwa, waitu, na ndugu zangu wa ukoo," alianza. "Sisemi huyu dada ni mwongo. Lakini tuulizane. Maneno haya yamesikika wapi? Bilele. Wosia wa Mzee umetolewa wapi? Hapa, mbele ya ukoo. Nani alisikia hayo ya Bilele? Yeye mwenyewe, ambaye ndiye anayefaidika, na rafiki yake."

"Mzee Haidari ni mtu mkweli," nilisema kwa sauti. "Mtu mkweli kabisa."

Karugendo alijifanya hakunisikia. Mtu aliyekuwa shahidi mwaminifu wa mambo ya Nazareti ya miaka elfu mbili iliyopita hakufaa kuwa shahidi wa mambo ya Bilele ya mwaka jana.

"Tena," aliendelea, sauti ya mizani ikimrudia, "maneno haya yameletwa lini? Mzee ameshazikwa. Maiti haulizwi. Kila mtu anaweza kuja na neno akaliwekea jina la marehemu ili lipate uzito. Na je, linapatana na wosia tulioupokea? Hayupo Sumaiya mle. Wosia wa Mzee umefungwa. Ukoo ulisikia, ukoo ukapokea, hatuwezi kuongeza sura kila anaposhuka abiria wa kutoka mjini."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu na punje ya kahawa ikanipalia, jirani akanipiga mgongoni. Maneno yale yote yalikuwa ya paroko! Alikuwa ameyasikia siku ile kwangu, akayakataa kwa machozi, kumbe ameyaweka ghalani yakomae. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mitume kumi na wawili wangeweza kuongezewa barua mpaka mgongo wa Biblia ukatike. Mzee Kahangwa hakuruhusiwa kuongeza hata sentensi moja.

"Una neno, Mama Jovitha?" aliuliza Rutaihwa.

"Ninalo." Nikasimama. "Karugendo ameuliza maswali mazuri sana, na mimi nataka tuyajibu, tusiyaruke. Kama neno hili limeibuka juzi, basi tulitupe. Lakini nyie wote mlioko hapa, mkipita bondeni na ndoo zenu huwa mnasema mmepita kwa nani?"

 Watu wakatafuna kahawa. Hiyo ndiyo tabia yetu ambayo inanikera mpaka kwenye mifupa: tukiwa njiani tunajua kila kitu, tukiwa kikaoni na harufu ya nyama inatoka jikoni hatujui hata majina ya watoto wetu. Nikawaangalia mmoja mmoja. Mwisho bibi mmoja, mzee kuliko sote, akasema kwa Kihaya kwamba yeye tangu zamani anapita kwa Sumaiya, na kama kuna jina jingine hakuambiwa. Mwingine akasema ndivyo. Wa tatu akasema alimsikia Mzee mwenyewe akiita hivyo. Hapo wakafunguka wote kwa mkupuo, hata wale vibarua wa majembe.

Karugendo aliona maji yamemfika shingoni. Lakini msomi hakosi mlango wa nyuma.

"Haya," alisema, mikono ameinua. "Tuseme Mzee alisema. Alisema kwa upendo, kama baba. Ni maneno mazuri, mimi nayaheshimu, yanaweza kusomwa kwa faida. Lakini hayawi wosia. Hayamfungi mtu." Akamgeukia Sumaiya na uso wa huruma. "Dada yangu, nitakupa mikungu miwili ya ndizi na debe la kahawa. Hutaondoka mikono mitupu."

Sumaiya aliinuka kwenye mkeka. 

"Kaka, mimi sikuja kusomewa," alisema. "Nimemfulia baba mashuka mpaka vidole vikachubuka. Sikumdai kitu. Yeye ndiye aliyesema, kwa kinywa chake, akijua anachosema. Ukiking'oa kile kipande, hapa duniani hakutabaki mahali ambapo mtu anaweza kusimama akasema Kahangwa alikuwa na binti."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Hata Rutaihwa alikohoa. Mzee yule, tangu siku ya ndege wa udongo, alikuwa hajamsemesha Karugendo vizuri, na sasa alimgeukia.

"Mwanangu Evarist, nimeyapenda maswali yako. Umenifundisha. Nani alisikia, wapi, mbele ya nani. Sasa na mimi nakuuliza moja. Siku ya wosia, sisi wa ukoo tulisikia kwa masikio yetu jambo moja tu, kwamba wewe ndiye msika. Msika anapata kibanja, hilo halina mjadala. Lakini ile nyumba ya barabarani yenye vyumba vya kupangisha, tuliyodhani ni ya mdogo wako aliyeko Geita, wewe ulituambia baba yako alikupa. Ulisema alikwambia siku ya pili tangu aletwe, mkiwa chumbani. Tulikuamini, hatukuuliza. Alikwambia mbele ya nani?"

Nyumba nzima ikageuka. 

"Mbele ya mke wangu," alisema. "Elieth alikuwepo."

Elieth alikuwa amesimama mlangoni kwa muda, na sinia la ndizi mikononi, mvuke unampanda usoni. Mwanamke huyo hajawahi kumpinga mumewe mbele ya watu. Amesomewa injili za kila aina huku akimenya, akachambua, akafua, na kila alipotaka kusema neno aliambiwa asubiri sura iishe. Aliliweka sinia chini katikati ya mkeka, akanyoosha mgongo.

"Mimi nilikuwa jikoni, Baba Projest. Sikusikia kitu," alisema. "Mpe dada yako kahawa yake, watu wale. Ndizi zinapoa."

Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia. Karugendo alimtazama mkewe, akatutazama sisi, akamtazama Rutaihwa ambaye alikuwa bado anasubiri jibu la nyumba, ambayo nayo sasa haikuwa na shahidi. Kijasho kilimtoka chini ya kofia.

"Ni chake," alisema, kwa sauti ya kujisemea.

"Sijasikia," alisema Rutaihwa. "Na huyu bibi hajasikia, wala Haidari. Inuka, useme alichosema baba yako, sote tukisikia, ili kesho asitokee mtu wa kutuuliza nani alikuwepo."

Karugendo akainuka, akavua kofia, akasema.